Anayeokota Kombe Naye Ale Kombe

Maji ya bamvua yanapokupwa katika Ghuba ya Menai, wanaoshuka pwani huko Fumba, Bweleo na vijiji vya jirani wengi wao ni akina mama na watoto wao wa kike. Huchukua ndoo na kipande cha chuma cha kuchokolea, wakainama juani kwa muda mrefu wakiokota kombe na chaza, mpaka maji yanapoanza kujaa. Wakirudi nyumbani huchemsha, hutoa maganda, na sehemu kubwa huuzwa. Kinachobaki huungwa kwa nazi. Na hapo kwenye chungu ndipo penye jambo tunalotaka kulizungumza leo katika safu hii.

Jambo lenyewe ni kwamba yule aliyekiokota kitoweo ndiye mwenye haja nacho zaidi, na ndiye anayekipata kidogo kuliko wote.

Hatusemi hivi kumlaumu mtu. Ni mazoea tuliyoyakuta. Wali ukishapakuliwa, sinia la wanaume hutangulia, na vipande vizuri huwekwa huko. Wageni wakiwapo huongezwa. Watoto wa kiume hufuata, kwa kuwa wana njaa na wana kelele. Mama hukaa jikoni na binti zake wakala wali na mchuzi. Ukimwuliza, "Mama, mbona sahani yako haina kitoweo?" atakujibu, "Mimi nimeshazoea mchuzi, mwanangu." Jibu hilo linasikika kama ukarimu, na kwa kweli ni ukarimu. Lakini damu haitengenezwi kwa ukarimu.

Tuangalie hesabu. Mwili hutengeneza damu kwa kutumia madini ya chuma yanayotoka katika chakula. Kwa vipimo vinavyotumiwa na wataalamu wa Marekani, mwanamume mtu mzima anahitaji miligramu 8 za chuma kwa siku. Mwanamke wa umri wa miaka 19 hadi 50 anahitaji miligramu 18, yaani zaidi ya mara mbili. Akiwa mja mzito haja yake hupanda hadi miligramu 27. Sababu yake haina siri: kila mwezi mwanamke hupoteza damu, na anapobeba mimba huwa anatengeneza damu yake na ya mtoto pia. Sasa ukiligawa sinia kwa desturi zetu, mwenye haja ya 8 anapata kombe kumi, mwenye haja ya 27 anapata mawili na mchuzi. Mkulima hawezi kumwagilia shamba lake kwa mtindo huo.

Matokeo yake yanaonekana. Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania nzima mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, 45 wana upungufu wa damu. Kwa Zanzibar hali ilikuwa mbaya kuliko wastani huo. Na sisi ni watu wa visiwani, tumezungukwa na samaki, pweza, ngisi, dagaa na kombe! Mtu wa mbali akisikia hayo atashangaa. Ndiyo maana tunasema tatizo letu si bahari peke yake. Chakula kinaingia nyumbani, ila hakimfikii anayekihitaji.

Wazee wetu watakumbuka kwamba mwaka 1975 Tanzania Bara iliendesha kampeni ya Chakula ni Uhai, kwa redio na kwa vikundi vya kusoma vijijini. Tangu wakati ule tumefundishwa vya kutosha kwamba kuna vyakula vya kujenga mwili, vya kuutia nguvu na vya kuulinda. Masomo hayo ni mazuri na yaendelee. Lakini mwalimu akishamaliza kuchora makundi ya vyakula ubaoni, ni mara chache kuuliza: nani anakula nini katika nyumba hii? Picha za ukutani nazo zinamwonyesha mama mja mzito akila maini na kunywa maziwa. Mama wa Fumba akizitazama anacheka kimya kimya, maana bei ya maini anaijua. Kwa nini asichorewe kombe, kunde na kisamvu, vitu anavyoviweza?

Kombe na chaza wana madini ya chuma na ya zinki, wana vitamini B12, na wana utomwili wa kujenga mwili. Chuma kilichomo katika nyama, samaki na wadudu wa pwani wa namna hii hupokewa na mwili kwa urahisi zaidi kuliko chuma cha majani na kunde. Zaidi ya hayo, kitoweo kidogo cha pwani kikiliwa pamoja na mchicha, tembele au mbaazi, huusaidia mwili kukipokea hata kile chuma cha majani. Kwa hiyo hatuna haja ya bakuli zima la kombe kila siku. Vijiko vichache juu ya kisamvu vinafanya kazi kubwa. Ndimu ikikamuliwa juu ya chakula, au embe na chungwa likiliwa baada yake, nalo linasaidia. Kinachoharibu ni chai. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huzuia chuma kisiingie mwilini. Mama anayeshuka pwani alfajiri kwa kikombe cha chai na andazi, kisha akarudi adhuhuri akala wali na kikombe kingine cha chai, amejinyima mara mbili. Hatumkatazi chai, aingoje kiasi cha saa nzima baada ya kula.

Hapa tunajua tutajibiwa. Akina mama watasema: kombe tunauza kwa sababu tunataka mchele, sabuni na madaftari ya skuli. Kombe hazijazi tumbo la watoto sita, mchele unajaza. Jibu hilo ni la kweli na hatulipuuzi. Fedha ya pwani ni ya mwanamke mwenyewe, na kwa wengi ndiyo fedha pekee anayoishika bila kumwomba mtu. Hatumwambii asiuze. Tunachosema ni kwamba kabla ya mnunuzi hajafika, bakuli moja litengwe, na bakuli hilo lisihesabiwe kuwa ni masalio. Anayeuza ng'ombe wa maziwa hubakisha hata mmoja wa nyumbani. Na akina baba nao wajue kwamba bakuli hilo lina wenyewe. Baba akiona binti yake amewekewa kombe nyingi kuliko yeye, asione amevunjiwa heshima.

Tumemtaja binti kwa makusudi, kwa sababu yeye ndiye anayesahauliwa kuliko wote. Akina mama waja wazito angalau kuna kliniki inayowatazama. Msichana wa miaka 13 au 14 aliyevunja ungo juzi hatazamwi na mtu. Anarefuka, nyonga zinapanuka, na damu ya mwezi imeanza. Katika umri wa miaka 14 hadi 18 anahitaji miligramu 15 za chuma kwa siku, zaidi ya baba yake. Asubuhi anakwenda skuli na chai. Mchana akiwa na shilingi mbili tatu ananunua chipsi au barafu. Jioni anamsaidia mama kupika na anakula naye ule mchuzi. Mwalimu anaona anasinzia darasani, anamwita mvivu. Nyumbani akilalamika kwamba kichwa kinamzunguka anaambiwa anajidekeza. Ukimvuta chini ya jicho ukatazama, au ukatazama viganja vyake, utaona weupe usio wa kawaida.

Kwetu sisi binti akivunja ungo huwa na somo wake, mama wa makamo anayemfundisha usafi, haya na mambo ya ukubwa. Desturi hiyo tunaiheshimu, na tunaona kwamba ndiyo mlango mzuri kuliko mabango yote. Somo akimkalisha mwari amwambie: tangu leo unatoa damu kila mwezi, basi kila wiki lazima urudishe. Amwonyeshe kombe, dagaa, kunde, mchicha na ndimu kama anavyomwonyesha namna ya kujisitiri. Amwambie pia kwamba damu ikitoka nyingi kupita kiasi, au ikiendelea zaidi ya siku saba, aseme na apelekwe kituo cha afya, maana si jambo la kuvumilia kwa aibu. Msichana aliyeingia katika ndoa akiwa na damu kidogo hataipata kwa ghafla siku ya kushika mimba.

Tena kuna vitamini moja ya majani mabichi, kunde na maharage, inayoitwa foliki, ambayo kazi yake kubwa huwa katika wiki nne za mwanzo za mimba. Ndani ya siku hizo ndipo uti wa mgongo na ubongo wa mtoto hufunga. Ikikosekana, mtoto aweza kuzaliwa na mgongo wazi. Wakati huo mama mwenyewe mara nyingi hajajua kwamba ana mimba. Kwa hiyo anayengojea mpaka aende kliniki ndipo aanze kula majani, amechelewa.

Sasa tuje kwa mja mzito. Kliniki atapewa vidonge vya chuma na foliki, na Shirika la Afya Duniani linashauri avimeze kila siku. Wengi huviacha. Mmoja anasema vinamtapisha, mwingine anaogopa kwa kuwa choo kimekuwa cheusi. Ndugu zangu, choo kuwa cheusi ni kawaida ya chuma, si ubaya. Kikikutapisha, kimeze usiku wakati wa kulala au pamoja na chakula kidogo, na usikimeze na chai. Ukizidiwa mwambie mkunga kabla hujakitupa. Lakini vidonge hivyo ni vya mama. Asigawiwe mtoto mdogo ati kwa kuwa naye ana damu kidogo. Utafiti mkubwa uliofanyika Pemba na kutangazwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa chuma kila siku mahali penye malaria nyingi waliugua na kufa zaidi kuliko wasiopewa. Malaria imepungua sana Zanzibar tangu miaka ile, lakini dawa ya mtoto iachwe mkononi mwa daktari.

Yapo mengine ya waja wazito. Wengine hula udongo, wengine hutafuna mchele mbichi kutwa nzima. Wenzao huwacheka. Tamaa hiyo mara nyingi huonekana kwa mtu ambaye damu yake imepungua, basi badala ya kumcheka apelekwe akapimwe damu. Udongo haumwongezei kitu. Unaweza kumzuia asipokee chuma cha chakula, na unaweza kumpa minyoo. Wapo wanaomkataza mja mzito mayai kwa kuogopa mtoto atazaliwa bila nywele. Wapo wanaomwambia ale kidogo ili mtoto asiwe mkubwa akamtaabisha kuzaa. Maneno haya tunayasikia mpaka leo, na tunasema bila ya kuzungukazunguka kwamba yana madhara. Mama aliyejinyima hapati uzazi mwepesi. Anaingia katika chumba cha kuzalia na damu kidogo, na damu ikimtoka kwa kiasi ambacho mwenzake angekistahimili, yeye anaweza kufa. Haya si maneno ya kutisha watu. Kutoka damu nyingi baada ya kuzaa ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wazazi katika nchi yetu na katika dunia.

Akishajifungua, hapo desturi zetu zinamfaa. Siku arubaini mzazi hutunzwa, hupikiwa uji wa pilipili manga, supu ya kuku au pweza, na hapewi kazi nzito. Laiti tungemtunza hivyo kabla ya kuzaa! Shida huanza siku ya arubaini na moja, anaporudi kwenye kuni, maji na pwani huku ananyonyesha. Kunyonyesha kunataka chakula zaidi ya kawaida, kiasi cha mlo mdogo mmoja wa ziada kila siku, na maji ya kutosha. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, mja mzito au mwenye kunyonyesha anayejihofia nafsi yake au mtoto wake amepewa ruhusa na dini yenyewe kula, kisha akalipa siku zake baadaye. Asione haya mbele ya majirani. Amwulize sheikh wake na mkunga wake.

Tusidhani kwamba chakula peke yake kitatosha. Kuna safura, minyoo wanaokaa tumboni na kunyonya damu. Huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu mtu anapokanyaga pekupeku udongo uliochafuliwa na choo. Pemba katika miaka ya 1990 wataalamu walionyesha kwamba safura ilikuwa sababu kubwa ya upungufu wa damu kwa watoto wa skuli. Ukila kombe huku una safura, unamlisha mnyoo. Basi viatu vivaliwe shambani, choo kitumike, na dawa ya minyoo inywewe. Mja mzito aipate kwa mkunga, kwa wakati wake.

Na kwa kuwa tunasifu chakula cha pwani, lazima tutaje na hatari zake. Kombe na chaza huchuja maji wanamokaa, na uchafu wa maji hayo hubaki ndani yao. Waliookotwa karibu na mabomba ya maji machafu, kama yale yanayomwagikia pwani ya Mji Mkongwe, wasiliwe. Wachemshwe mpaka waive kweli, na waliofunguka midomo kabla ya kupikwa wakigongwa wasifunge, watupwe. Mtu akiwa na mwili wa kutoka vipele au kuvimba mdomo anapokula vitu vya pwani, asilazimishwe. Ama kasa, asiliwe kabisa. Mwezi Machi 2024 katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Tunashangaa kwamba baada ya misiba hiyo bado wako wanaosema, "Wazee wetu walikuwa wakila."

Bibi naye tusimwache, ijapokuwa haja zake ni nyingine. Damu ya mwezi ikishakoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, haja yake ya chuma hushuka ikawa sawa na ya mwanamume. Kinachopungua sasa ni mifupa. Hupoteza chokaa yake haraka, na ndiyo maana bibi akianguka ukumbini nyonga huvunjika. Dagaa wanaoliwa na miiba yao wana chokaa nyingi. Unguja tunakausha dagaa wengi mno, wakasafirishwa Bara mpaka Kongo, na bibi mwenyewe nyumbani hana hata fungu. Kwa asiye na meno, dagaa wasagwe wakatiwa kwenye uji au mchuzi. Kwa upande mwingine apunguziwe chumvi, kwa sababu ya shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa katika chakula. Ng'onda na papa mkavu warowekwe, maji ya kwanza yamwagwe. Na akina bibi waache tabia ya kugawa kitoweo chao chote kwa wajukuu. Mwili mkongwe nao unahitaji utomwili, vinginevyo nguvu za miguu zinakwisha.

Limebaki jambo la pwani yenyewe. Akina mama wengi watakwambia kwamba kombe si kama zamani, wamekuwa wadogo na wachache. Ghuba ya Menai iliwekwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1997. Baadaye, katika miaka ya 2000, akina mama wa Fumba na Bweleo walishirikiana na Taasisi ya Sayansi za Bahari kutenga sehemu ambazo kombe na chaza hawaokotwi, ili wakue na kuzaana, na wakajaribu pia kuwafuga chaza wa lulu. Kazi hiyo wengine waliitazama kama mambo ya fedha na mapambo. Sisi tunaiona kuwa ni kazi ya afya. Sehemu zilizofungwa zikilindwa, binti wa Fumba atakuwa na kitoweo chake, wakati nyumba mpya na barabara zinazidi kuchukua mashamba ya muhogo na kunde katika rasi hiyo. Kwa sababu hiyo, kamati yoyote inayokaa kuamua habari za pwani hiyo iwe na akina mama wanaookota, na mkunga wa kituo cha afya aitwe naye akae. Yeye ndiye anayeona viganja vyeupe kila siku ya kliniki.